Nani ameizima runinga ya sebuleni: mtandao, ving'amuzi au sisi wenyewe?

#1 MwanaWaYala
Hamjambo wadau. Niko nyumbani Yala, Siaya, wiki ya pili sasa na kuna jambo limenikaa rohoni.

Mwaka juzi tulichangishana watoto watatu tukamnunulia baba runinga ya inchi 43, zile zenye intaneti ndani, na wifi tukamlipia. Jana saa moja jioni nimemkuta peke yake sebuleni. Rimoti iko juu ya goti, skrini imejaa vipicha vya YouTube, naye hajui abonyeze kipi. Mama yuko jikoni, simu ameiegemeza kwenye kopo la chumvi, anafuatilia mahubiri. Wapwa zangu wawili wako nje chini ya mwembe, kila mmoja na simu yake, masikio yamezibwa.

Mimi nimekulia nyumba hiyo hiyo. Miaka ya tisini tulikuwa na Great Wall ya inchi 14, nyeusi na nyeupe, ikitumia betri ya gari. Betri nilikuwa naifunga kwa mpira kwenye karia ya baiskeli, naipeleka kuchajiwa pale kwa posho mili. Chaji ikipungua, picha ilianza kusinyaa pembeni, weusi unaingia polepole mpaka msomaji wa habari anabaki kichwa tu. Kwa hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuwasha kabla ya taarifa. Saa moja kasorobo mama anatoa kile kitambaa cha kushona kwa mkono, anakikunja, anakiweka kando. Majirani wanaingia. Wazee kwenye viti, watoto sakafuni, waliochelewa dirishani. Na baba ndiye aliyekuwa akiwafafanulia wazee habari ikiisha.

Leo ana runinga kubwa na hana watu. Mimi nasema mtandao ndio umeizima. Anayepinga anieleze.

#2 MamaSection58
Nakupinga kutoka Nakuru. Kwangu haikuwa mtandao, ilikuwa king'amuzi. Mnakumbuka 2015 vituo vilipozimwa karibu mwezi mzima? Nilikuwa na wapangaji wanne ploti, wote wakija kwangu kutazama. Nikanunua king'amuzi cha kampuni fulani kwa 3,500, nikaambiwa hata nisipolipia, vituo vya bure vitabaki. Mwezi wa tatu tangu nikinunue, nikawasha nikakuta maandishi tu kwenye skrini, vyote vimefungwa. Nikapiga simu, nikaambiwa nilipie ndipo wafungue. Wapangaji wakatawanyika. Kufikia siku nilipopata pesa ya kulipia, kila mmoja alikuwa ameshajinunulia simu. Simu ilikuta nyumba tupu, ikaingia.

#3 KumbukumbuZetu
Dada hapo juu, pole. Nisahihishe kidogo: haikuwa mwezi. Zilikuwa siku 19. Mitambo ya analogi ilizimwa tarehe 14 Februari 2015, na Citizen, NTV na KTN zikarudi mwanzoni mwa Machi. Ugomvi ulikuwa nani asambaze mawimbi ya dijitali. Vyombo hivyo vilitaka leseni na muda wa kujenga mitambo yao wenyewe, na havikutaka matangazo yao yapitie ving'amuzi vya washindani. Tume ya Mawasiliano ikasema muda umekwisha, maana tarehe ya mwisho ya kimataifa ilikuwa 17 Juni mwaka huo. Lakini hoja yako iko palepale. Siku 19 zinatosha mtu kuzoea kitu kingine.

#4 JiraniWaMusoma
Salamu kutoka Tanzania, ng'ambo ya mpaka. Huku tunasema luninga na kisimbuzi. Nyinyi runinga na king'amuzi. Hata kabla ya mtandao hatukuwa tunatazama kitu kimoja, haha.

#5 FundiKondele
Mimi nimepandisha eriali Kisumu tangu 1998: Kondele, Manyatta, Migosi, hadi Maseno na Luanda. Niruhusuni niandike kwa urefu kidogo, kazi hii ndiyo imenisomeshea watoto.

Zamani Jumamosi moja ningepata nyumba tano. Mimi juu ya bati na mlingoti, mwenye nyumba mlangoni, mtoto ndani mbele ya skrini. Nageuza kidogo nauliza, "Imeshika?" Mtoto anamwambia baba, baba ananiambia mimi: "Bado, chenga tupu!" Nageuza tena. "Sauti iko, picha hakuna!" Unaizungusha hivyo robo saa, na ikishika nyumba nzima inapiga kelele. Hapo hushuki mpaka nati imekazwa, kwa sababu ukiachilia mkono inaponyoka.

Ilipokuja dijitali watu waliambiwa, au walidhani, kwamba eriali imekufa. Wakazing'oa wakauza kama vyuma chakavu. Haikuwa lazima. Matangazo ya dijitali ya bure yanapita kwenye masafa ya UHF, na eriali ya UHF ya zamani inayanasa vizuri tu. Kilichobadilika ni kile kinachofasiri mawimbi. Tena runinga nyingi za sasa zina king'amuzi cha DVB-T2, ule mfumo wa matangazo ya dijitali, ndani yake, huhitaji kununua kingine. MwanaWaYala, hiyo ya mzee nina hakika karibu kabisa inacho. Mmempa dafu na hamkumpa kisu.

Dijitali nayo haina huruma. Analogi ikipungua nguvu ulipata chenga, lakini ukaona kitu. Dijitali ama iko safi ama haipo kabisa. Ndiyo sababu wa mabondeni waliokuwa wakivumilia chenga walibaki gizani.

#6 KijanaLurambi
Mzee Fundi heshima yako. Nina miaka 23, naishi chumba kimoja Lurambi, sijawahi kumiliki runinga na sioni kilichozimwa. Habari za saa moja nazitazama YouTube, tena nikiwa kwa matatu. Filamu za mtandaoni nazo: Netflix iko Kenya tangu 2014, zikaja na Showmax na Viusasa. Ni skrini tu imehama ukutani ikaja kiganjani.

Na niwaulize, tarehe 30 Januari 2018, Raila Odinga wa upinzani alipokula kiapo cha "rais wa wananchi" Uhuru Park, serikali ilizima Citizen, NTV na KTN. Nyinyi wenye eriali mliona nini? Mimi nilikuwa shule ya upili, na mwalimu alituonyesha kwenye simu yake, mbashara mtandaoni, vituo vile vile vilivyozimwa hewani. Tarehe 25 Juni 2025 Tume ya Mawasiliano ikatoa amri maandamano yasirushwe mbashara, vituo vikaondolewa hewani tena mpaka mahakama ikasema virudi. Tuliendelea kutazama kwa simu. Mtandao ndio uliookoa runinga.

#7 KumbukumbuZetu
Netflix ilifunguliwa Kenya Januari 2016, si 2014, siku ilipofungua nchi 130 kwa mpigo. Hayo ya 2018 uliyosema ni kweli. Mahakama Kuu ilisimamisha hatua ile tarehe 1 Februari, na bado vituo vilikaa siku kadhaa kabla ya kurudi.

#8 KijanaLurambi
Asante, nimekubali kwa 2016. Nakumbuka zaidi ule mpango wao wa bure wa simu za Android, Septemba 2021. Ulipofungwa Novemba 2023 ploti nzima tuliomboleza.

#9 GorDamu
Mimi nizungumzie mpira tu. Mchuano wa Mashemeji, Gor Mahia na AFC Leopards, niko Nyalenda, natazama kwa simu. Naona mtu wetu anapokea mpira katikati ya uwanja. Nasikia jirani mwenye dishi anapiga mayowe, "Goooo!" Kabla yake nilishamsikia muuza viazi aliye na redio. Kwangu mimi huyo mchezaji bado yuko katikati ya uwanja anatafuta wa kumpa pasi! Raha yote imekwisha. Nani anaweza kunieleza kwa nini?

#10 MhandisiMilimani
GorDamu, naeleza. Redio ya kawaida inafika karibu papo hapo. Dishi linachelewa sekunde chache, maana picha inabanwa, inapanda kwenye setilaiti, inashuka, inafunguliwa. Mtandaoni picha inakatwakatwa vipande vya sekunde kadhaa, vinahifadhiwa kwenye seva, na simu yako inangoja ipate akiba ya vipande viwili vitatu kabla ya kuanza kuonyesha, ili isigandegande njiani. Jumlisha hayo, unachelewa nusu dakika na zaidi.

Kuna tofauti nyingine ambayo ndiyo mzizi wa uzi huu. Mnara wa runinga unatupa wimbi moja, na watazame kumi au watazame Nyanza nzima, gharama ni ile ile na mtazamaji halipii. Mtandao unampelekea kila mtu nakala yake. Saa moja ya picha nzuri ni kama gigabaiti 3. Familia ya watu watano wakitazama kitu kile kile kwa simu tano, wamelipia mara tano habari ambayo eriali moja ingewaletea bure.

Kijana wa Lurambi amesema skrini imehama tu. Pamoja na skrini, bili pia imehama. Zamani gharama ilibebwa na kituo na watangazaji wa biashara, sasa inabebwa na bando lako.

#11 MamaSection58
Hili la kulipia mara tano sikuwahi kuliwaza. Nimelisoma mara mbili.

#12 GorDamu
Asante mhandisi. Kwa hiyo derby nitasikiliza redio, marudio nitazame kwa simu.

#13 ChumbaChaVideo
Nilikuwa na chumba cha video hapa Kakamega karibu na stendi kwa miaka kumi na moja. Mabenchi ishirini, pazia jeusi, runinga mbili. Shilingi kumi filamu, ishirini mpira wa Uingereza. Ijumaa usiku watu walikuwa wanakaa mpaka kwenye ngazi. Filamu zilizosimuliwa kwa Kiswahili na DJ Afro ndizo zilizokuwa zinajaza, maana hata asiyejua Kiingereza alikuwa anacheka pamoja na wengine.

Aliyenimaliza wa kwanza hakuwa mtandao wala king'amuzi. Alikuwa kijana wa duka la pili kutoka kwangu, mwenye kompyuta moja, akijazia watu filamu kwenye flashi kwa shilingi kumi. Mtu anapeleka flashi, anarudi na filamu sita, anazitazama nyumbani. Baadaye mtandao ukammaliza na yeye, kwa sababu watu walianza kupakua wenyewe. Leo anauza vifuniko vya simu, mimi nauza mitumba, na tunakunywa chai pamoja.

Mabenchi nimeyaweka. Siwezi kuyauza.

#14 MwalimuVihiga
Shule zilipofungwa Machi 2020 nilikuwa na darasa la watoto 52. Wazungumzaji wa mijini walisema masomo yahamie mtandaoni. Wangu wenye simu ya intaneti nyumbani walikuwa tisa, na hao tisa simu ilikuwa ya mzazi aliyeondoka nayo kazini. Waliobaki na chochote ni wale wenye redio, na wenye runinga waliotazama vipindi vya KICD, ile taasisi ya mitaala, na kituo cha watoto cha Akili Kids kilipoanza kurusha mwishoni mwa mwezi ule ule. Mama mmoja wa Mbale alikuwa anakusanya watoto wa jirani saa nne asubuhi, kila mtoto na daftari, mmoja akinakili ubaoni kile kilichokuwa kwenye skrini kabla hakijapita. Ukuta wa sebule yake aliupaka masizi kuwa ubao. Niliuona kwa macho yangu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tusizungumze kana kwamba runinga ya bure ni kitu cha makumbusho. Kwa mtoto asiye na bando ndiyo darasa.

#15 DadaWaBusia
Nauza vifaa vya sola hapa Busia, naomba niwaambie jambo ambalo halijasemwa. Runinga sijawahi kuziuza kwa wingi kama sasa. Nyumba za Teso na Samia ambazo hazikuwahi kuwa na umeme zinachukua runinga ya sola kwa mkopo, wanalipa kidogo kidogo kwa simu. Wengi ndiyo runinga yao ya kwanza maishani. Mnasema imezimwa, kwetu ndiyo kwanza inawashwa.

Wanatazama nini? Vituo vya bure, vya kwetu na vingine vya Uganda vinavyovuka mpaka, na filamu zilizofasiriwa kwa Kiganda na ma-VJ wa Uganda, yaani wasimulizi wa filamu. Nina mteja Mteso asiyejua Kiganda hata neno, lakini VJ wake anamfahamu kwa sauti.

#16 AliyekuwaChumbaChaHabari
Nimesoma kimya. Nilifanya kazi ya habari Kisumu kwa kituo kimoja miaka tisa, jina siliweki. Mnazungumzia mnara na simu na betri, na mimi nasema tazameni pesa.

Kituo cha bure hakimuuzii mtazamaji chochote. Kinawauzia wenye sabuni, unga na benki macho ya mtazamaji. Wenye sabuni walipoona macho yamehamia kwenye simu, pesa zikahamia Google na Facebook. Tulikuwa wanne Kisumu na gari moja. Kwanza gari likaondolewa. Kisha mpiga picha akaambiwa awe pia mhariri. Kisha tukabaki wawili, tukipanda boda kwenda kurekodi mafuriko Nyando, kamera nimeibeba kifuani nimeifunika kwa mfuko wa plastiki. Kisha nikabaki nyumbani.

Baba yake MwanaWaYala akiwasha saa moja leo, habari za Siaya ni sekunde arobaini, kama zipo. Zamani aliwamwagia wazee maelezo kwa sababu habari zilikuwa zinamhusu. Sasa hivi habari za kijijini kwake anaziona mapema kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo, nyingine za kweli, nyingine za uongo, na hakuna aliyetumwa kwenda kuhakikisha. Hilo ndilo linaloniuma.

#17 KukhuWaShinyalu
Wajukuu wananiandikia haya. Sisi tuliacha kutazama siku walipotuletea hadithi za mapenzi za nchi za mbali, watu wanalia kwa Kireno na Kifilipino, midomo inasema hili na sauti inasema lile. Kile kichekesho cha Vioja Mahakamani nilikuwa naelewa, kwa sababu yule mshtakiwa ni mtu ninayemjua sokoni. Sasa hivi mjukuu ananifungulia vijana wa huku huku kwetu wanaoigiza kwa Kiluhya kwenye simu. Nacheka mpaka machozi. Msiseme sote tumepoteza.

#18 KijanaLurambi
Kukhu shikamoo. Hao vijana wawili nawajua, tunasoma nao. Wanarekodi kwa simu moja yenye kioo kilichopasuka. Hakuna kituo cha Nairobi kingewafungulia mlango.

#19 AliyekuwaChumbaChaHabari
Hilo nakubaliana nalo kwa moyo wote. Mlango umefunguka kwa vichekesho. Kwa habari za uchunguzi bado hakuna anayelipa nauli.

#20 MwanaWaYala
Wadau, nimewasoma wote na asanteni. Nimeyumba kidogo.

Jambo ambalo sikulisema mwanzo: kuna siku sebule ile ilijaa. Oktoba 2025, mwili wa Raila ulipofikishwa uwanja wa Mamboleo, Kisumu, tarehe 18, na kesho yake maziko Bondo. Watu waliojaa kwa baba sijawahi kuwaona tangu utotoni. Sakafuni, mlangoni, dirishani kabisa kama enzi ya Great Wall. Kila mmoja alikuwa na simu yake mfukoni na angeweza kutazama peke yake. Hawakutaka. Mzee mmoja alivua kofia akaishika kifuani saa nzima. Baba alizungumza jioni ile mpaka sauti ikakauka.

Kwa hiyo sijui tena. Kama mtandao ndio uliomwondolea watu, mbona siku ile haukuwazuia?

#21 MamaSection58
Msiba mkubwa hauhesabiwi, ndugu yangu. Hiyo ni siku moja. Swali lako lilikuwa la Jumanne ya kawaida.

#22 BondeLaUfa
Si msiba peke yake. Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni Vienna, 12 Oktoba 2019, kwa saa 1:59:40, niko Eldoret barabarani na umati mbele ya skrini kubwa. YouTube ilikuwa inaonyesha bure kila mahali. Watu walitoka nyumbani makusudi ili wawe pamoja.

#23 MhandisiMilimani
Basi huenda kuna aina mbili za kutazama, ya kupitisha muda na ya kushuhudia. Simu imechukua ya kwanza.

#24 ChumbaChaVideo
Mhandisi, samahani, sikubali. Filamu za Ijumaa kwangu zilikuwa za kupitisha muda na watu walikuja pamoja. Walikuja kwa sababu hawakuwa na kwingine pa kutazamia. Tusiwape utakatifu ambao haukuwepo.

#25 MwalimuVihiga
Na mimi nitie neno. Baba yetu wa Yala hakupoteza watazamaji tu, alipoteza kazi ya kufafanua. Wapwa wamesoma, wanaelewa taarifa bila yeye. Hilo lingetokea hata mtandao usingekuja.

#26 FundiKondele
Mnazunguka sana. MwanaWaYala, ulijaribu eriali?

#27 MwanaWaYala
Mzee Fundi, nimejaribu jana Jumamosi, ndiyo nilikuwa narudi kuwaeleza.

Nilinunua eriali ya UHF Yala mjini na waya mita kumi na tano. Nikaielekeza kule alikoelekeza jirani mwenye picha safi. Mpwa mkubwa alipanda juu ya bati mwenyewe, mdogo akakaa mbele ya skrini, baba mlangoni katikati yao. Nikaingia kwenye menyu nikatafuta vituo kama ulivyosema. King'amuzi kimo ndani kweli. Mara ya kwanza hakuna. Akageuza. Baba akaanza kupaza sauti, "Bado! Rudisha! Polepole!" Sijamsikia na sauti ile miaka. Mara ya tatu vikaanza kuingia kimoja kimoja kwenye orodha, baba akivihesabu kwa vidole.

Saa moja aliwasha mwenyewe. Nambari ya kituo ameiandika kwa kalamu kwenye plasta, ameibandika nyuma ya rimoti.

#28 MamaSection58
Na wapwa, walikaa?

#29 MwanaWaYala
Mdogo alikaa sakafuni mpaka mwisho. Mkubwa alisimama mlangoni na simu mkononi, akasema anangoja michezo tu. Kwenye habari ya bei ya miwa baba alisema neno, naye akamjibu kwamba si hivyo, akatafuta kwenye simu akamsomea. Wakabishana. Mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

#30 FundiKondele
Vizuri sana. Sasa mwambie huyo mkubwa arudi juu akaze nati kwa spana, asiache ya mkono. Upepo wa jioni huko Yala utaigeuza.